Maswali ya Wasomaji: Rimu za Kromu au za Kupigwa Polishi?

Nimepata seti mbili za rimu za mitumba za inchi 15 zinazoingia kwa Axio yangu. Moja ni ya kromu, nyingine ni alumini iliyopigwa polishi, na bei haipishani sana. Naishi Nakuru na kila wiki napanda Molo kwa barabara ya kokoto. Nichukue gani? – Msomaji, Nakuru

Chukua ya polishi, mradi haina ufa. Madukani kromu itakuvutia zaidi kwa sababu mng'aro wake ni mzito, lakini cha kujiuliza ni nini kitatokea siku kokoto itakapoigonga.

Kromu yenyewe ni tabaka jembamba mno, nusu mikroni hivi au pungufu. Kinachong'aa kwa kweli ni nikeli iliyo chini yake, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba. Yote hayo yamelazwa juu ya alumini. Kokoto ikitoboa hadi chini, maji hukutanisha metali zisizopatana, na inayoliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe, unga unavimba, na kromu inainuka malengelenge kabla ya kubanduka vipande vyenye makali ya kukata kidole. Kiraka hakishiki hapo. Rimu nzima huvuliwa tabaka zote na kuchovywa upya katika matangi ya kupaka metali kwa umeme, kazi ambayo fundi wa kando ya barabara hana vifaa vyake. Alumini ya polishi ikikwaruzwa inapigwa msasa na kung'arishwa tena hapo hapo mjini, hata mara kumi.

Ushauri mwingi wa Marekani na Ulaya huogopa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Hiyo si shida yenu. Shida ya Nakuru ni magadi: maji ya Ziwa Nakuru yana pH ya karibu 10, yaani ni magadi makali, na alumini tupu haivumilii kitu kikali cha aina hiyo. Ukipita kwenye tope la ufukweni, osha rimu siku hiyo hiyo.

Gharama ya polishi ni jasho. Alumini isiyo na vanishi hufifia kwa wiki chache, zaidi msimu wa mvua, na utaisugua wewe au utamlipa mtu. Kama gari linalala gereji, linatembea lami tupu na hutaki kazi ya kusugua, basi kromu nzima isiyo na doa ni chaguo la haki kabisa.

Nitajuaje kwamba nauziwa kromu ya kweli? – Msomaji, Eldoret

Weka tone la dawa ya kung'arisha metali kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha nyuma ya spoku. Kitambaa kikiwa cheusi tii mara moja, hiyo ni alumini tupu. Kisipobadilika, ni kromu au ni alumini iliyopakwa vanishi angavu, ile mafundi huita kliya. Zitofautishe kwa macho: kromu huelekea ubluu na hukuonyesha uso wako kama kioo, ilhali alumini ni nyeupe zaidi na picha yake haikolei sana.

Kisha gonga kwa ukucha. Zipo rimu zilizovalishwa uso wa plastiki wenye kromu uliogundishwa kiwandani, na mlio wake ni wa plastiki. Uso huo ukipasuka, maji na tope hukaa ndani na gurudumu linapoteza balansi bila sababu ya kuonekana. Ile "kromu" ya kupulizwa kwa bunduki ya rangi ni rangi tu chini ya kliya. Mashine ya maji yenye nguvu ikielekezwa kwenye ukingo wake huibandua.

Rimu zangu za polishi zimeota michirizi myeupe chini ya kliya, kama njia za funza. Ilianza baada ya kuoshwa kwa dawa fulani kali. Naweza kuipaka kliya nyingine juu? – Dereva, Kisumu

Usipake. Kutu hiyo ya alumini inatambaa chini ya vanishi kuanzia penye mchubuko, na kliya mpya itaifungia ndani iendelee kula. Dawa huenda haikuianzisha, ila iliipa mlango. Baadhi ya dawa za rimu zina asidi inayopenya kwenye mchubuko, na zile zenye magadi makali ya kusafishia oveni huacha madoa ya kijivu kwenye alumini.

Toa tairi kwanza. Ondoa kliya yote kwa dawa ya kuvulia rangi isiyo na magadi, kisha suuza sana. Anza na msasa wa maji namba 400 hadi michirizi yote iishe, halafu 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Kila namba isugue kwa kukatiza mwelekeo wa namba iliyotangulia, ndipo utaona kama mikwaruzo ya zamani imekwisha. Kuruka namba ndiko kunakoleta ukungu ambao hauondoki hata ukipiga polishi siku nzima. Malizia kwa gurudumu la kitambaa na bonge la polishi la kahawia, kisha jeupe kwa kitambaa kingine. Ukichanganya vitambaa, chembe za kahawia zitakwaruza tena. Vaa barakoa, na usifanye kazi hiyo karibu na grainda inayorusha cheche za chuma, maana vumbi la alumini hushika moto.

Baada ya hapo, iache tupu na uipake nta. Kliya haishiki vizuri kwenye uso laini kama kioo, hivyo ukiirudisha, michirizi nayo hurudi.

Kuanzia sasa osha kwa sabuni ya maji ya kawaida na kitambaa laini, rimu ikiwa imepoa. Aliyetoka kuteremka Salgaa akishika breki asubiri kwanza: dawa hukauka juu ya rimu ya moto kabla haijasuuzwa. Waambie pia wanaokufungia tairi watumie risasi za balansi za gundi upande wa ndani. Zile za kubana huchubua ukingo.

Tairi langu linapungua upepo kila siku tatu na hakuna pancha. Rimu ni ya kromu. – Msomaji, Kakamega

Mimina maji ya sabuni kwenye mzunguko ambapo tairi linakalia rimu. Mapovu yakitoka hapo, kromu imebanduka kwenye kikalio. Tairi litolewe, vipande vilivyolegea viondolewe vyote, sehemu hiyo isuguliwe kwa waya na msasa hadi ilainike, kisha ipakwe gundi ya kuzibia ukingo. Jua kwamba kromu iliyobaki pembeni itaendelea kuinuka, kwa hivyo kazi hii hukununulia muda tu. Mtu asikuombe aivue kromu kwa asidi ya haidrokloriki: huondoa kromu kweli, na inaila alumini papo hapo.

Wakati tairi limetoka, kagua nyuma ya spoku kwa tochi. Kromu huficha ufa mwembamba. Na rimu iliyopinda isinyooshwe kwa moto wa gesi, kwani alumini hiyo iliimarishwa kwa joto maalumu kiwandani na moto wa fundi huilegeza.

Unaporudisha, pasiwe na rangi wala vipande vya kromu chini ya nati. Kwa Toyota ndogo nyingi kaza Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa kukatiza kama nyota, na urudie kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pikapu yangu ina rimu za chuma zenye kromu, na sasa kuna nukta za kutu nyekundu. – Mkulima, Bungoma

Kwenye chuma kromu hushika vizuri zaidi, kwa hiyo nukta hizo mara nyingi ni za juu tu. Kunja kipande cha foili ya jikoni, kilowanishe maji na usugue taratibu. Foili ni laini kuliko kromu na haitaikwaruza. Waya wa kusugulia sufuria utaikwaruza. Kausha, paka nta, na upande wa ndani usiokuwa na kromu upake rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu huko ndiko tope la shamba hukaa bila kuoshwa.