Kwa nini nyumba ileile hunadiwa tena

Je, nyumba iliyonadiwa kwa deni inaweza kunadiwa tena? Ndiyo, na kosa si la mnunuzi peke yake. Benki ikitaka kuiondoa haraka mikononi, humkopesha mtu wa kipato kidogo bila kukagua paa wala mabomba. Paa likivuja, hela ya rejesho inaishia kwa fundi. Detroit, jiji la viwanda vya magari Marekani, ilikuwa hivyo baada ya sheria ya nyumba ya 1968: mikopo ilidhaminiwa na serikali ya Marekani kupitia FHA, shirika lake la kudhamini mikopo ya nyumba, kwa hiyo mkopeshaji alilipwa hata mkopaji akishindwa. Aogope nini? Kuna wathamini waliohongwa wapandishe bei ya magofu! Ila viwanda vya magari kupunguza wafanyakazi nako kulichangia.