Chimbua mharage mmoja kwanza

Msimu wa kwanza nilipochanganya maharage na kabichi kwenye shamba letu la Lushoto, nilivuna kabichi za ukubwa wa ngumi. Mbegu haikuwa na kosa. Nilikuwa nimebananisha miche kama abiria wa daladala, halafu nikapiga mbolea ya urea, yenye naitrojeni, shamba zima bila kubagua. Maharage yalitoa majani ya kijani cha kupendeza macho, lakini maganda ya kuhesabu.

Shangazi alipokuja kuona, hakusema mengi. Alichimbua mharage mmoja taratibu, akasuuza mizizi kwenye ndoo. Mitupu. Akaenda kwenye kona ambako urea iliniishia, akachimbua mwingine: mizizi imejaa vinundu kama punje za mtama. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu kama nyama.

"Hiki kinafanya kazi, mwanangu. Ukikuta cheupe au cha kijivu, humo hamna kitu."

Ndani ya vinundu wanaishi bakteria waitwao raizobiamu. Wanachukua naitrojeni ya hewani na kuugeuzia mmea chakula, nao mmea unawalipa sukari. Ukimwaga urea, mharage unapata chakula cha bure, kwa nini uhangaike kuwalisha wapangaji? Siku hizi naweka samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, na urea kidogo naifukia karibu na shina la kabichi tu.

Wengi husema mharage unailisha kabichi papo hapo. Usitegemee sana. Naitrojeni nyingi hubaki kwenye mharage wenyewe mpaka mizizi na majani yake yaoze, kwa hiyo anayefaidi zaidi ni zao linalofuata. Ndiyo maana wakati wa kuvuna siung'oi. Nakata shina usawa wa udongo, mizizi naiacha palepale, na majani nayatandaza kwenye tuta.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wa kabichi hatuambiwi. Udongoni kuna fangasi wema, maikoraiza, wanaojiunga na mizizi na kwenda kuitafutia fosforasi, kirutubisho cha mmea, mbali kuliko inakofika yenyewe. Kabichi haiwapokei. Sukuma wiki haiwapokei, spinachi vilevile. Ukilima kabichi tupu msimu baada ya msimu, fangasi hao wanapungua kwa kukosa mwenyeji, na siku ukipanda vitunguu, ambavyo mizizi yake ni michache na inawahitaji mno, vinadumaa huku unalaumu dawa. Mstari wa maharage katikati ya kabichi unawapa pa kukaa.

Nafasi ninayotumia sasa ni sentimita 60 kati ya mistari ya kabichi na 45 kati ya miche, na katikati mstari mmoja tu wa maharage mafupi, yasiyotambaa. Nayapanda wiki ileile ninayohamisha miche. Yanavunwa mapema, na kabichi inabaki na nafasi ya kufunga kichwa. Usije ukaongeza mstari wa pili kwa tamaa. Mimi nilishaujaribu, na jibu lake ni zile ngumi.

Nyanya sizichanganyi na maharage. Inzi weupe na utitiri mwekundu wanayapenda yote mawili, na kwangu walihama kutoka mstari hadi mstari kama waalikwa wa harusi.