Premio inakula oili, nimwage dawa ya kusafishia injini?

SWALI: Habari fundi. Nina Premio ya 2002, cc 1800, injini 1ZZ, nimeinunua kwa mtu. Naweka 5W-30 lakini kila nikichomoa stiki imeshuka, na nikifungua mfuniko wa oili ndani kuna uchafu mweusi umeganda kama ukoko. Fundi wa mtaani anasema tuoshe injini kwa dawa kisha tuhamie oili nzito ya 20W-50. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usikubali kwanza. Hizo 1ZZ za kabla ya 2005 hivi ndo ugonjwa wao huo, pistoni zina vitundu vidogo vya kurudishia oili chini, vikiziba na kaboni oili inabaki kwenye silinda inaungua, sasa 20W-50 haizibui kitu, inapunguza tu kuliwa, tena asubuhi inachelewa kupanda kwenye kemshafti kule juu ya injini. Kwa joto la huko weka 10W-30 au 10W-40, galoni ya lita 4 inatosha. Nyuma ya galoni tafuta alama ya ubora, API SN au SP, mi naangalia hapo kabla hata ya jina la kampuni.

Hiyo dawa unaimimina kwenye oili chakavu, injini inaunguruma dakika chache bila kutembea, mnamwaga vyote. Injini safi haiihitaji, na kwa yenye ukoko kama yako naiogopa, maana uchafu unang'oka mabonge mabonge unaziba chujio la pampu kule kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taa ya oili inawaka na ukiendelea kuendesha beringi zimekwisha. Na akija na dizeli au mafuta ya taa ndo aoshee, chukua funguo zako uondoke.

We mwaga oili kila kilomita 2,500 na filta mpya, rudia mara tatu nne, oili nzuri ina sabuni yake ndani, ikiwa nyeusi mapema usishtuke. Stiki chomoa kila wiki asubuhi kabla hujawasha.

Halafu angalia moshi. Wa bluu ukiwasha asubuhi kisha unakata, hizo ni valvu sili, vimpira vya kuzuia oili kwenye valvu, si kazi kubwa. Unaotoka ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, anza kutunza hela ya ovahoo, yaani kufungua injini yote, na fundi akupe pistoni za toleo la baadaye, akirudisha zilezile na ringi mpya utaanza tena kuongeza oili.