Dubai hadi Guangzhou: ni saa ngapi angani?

Dada, hapana, hutakaa angani saa kumi na moja na nusu. Tiketi inasema unaondoka Dubai 10:00 na kufika Guangzhou 21:30, lakini kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika. China iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Toa hizo, inabaki saa 7 na nusu, na ndiyo safari yenyewe. Umbali ni takriban kilomita 5,800 kwa njia ya mkato, ingawa ndege huzunguka kidogo kufuata njia za anga zilizoruhusiwa.

Kurudi ndiko kunakochosha. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi. Ukienda unakusukuma, ukirudi unaupiga kifua, kwa hiyo hesabu saa 8 hadi 8 na nusu. Ukiondoka Guangzhou saa sita usiku utatua Dubai kama saa kumi na nusu alfajiri, na mwili wako utadhani ni asubuhi ya saa mbili na nusu.

Kwa kuwa unafika Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, usiku, na bado kuna foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo, usitegemee sana treni ya metro ya kwenda mjini. Weka pesa ya teksi pembeni, na anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina. Hilo la anwani tafadhali usilipuuze.