Maswali ya wasomaji: Kadi ya kliniki imejaa, chanjo ya uti wa mgongo ya nini tena?

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 13 na kadi yake ya kliniki ina mihuri yote ya utotoni. Shuleni wanasema akachanjwe homa ya uti wa mgongo kabla ya kuingia bweni. Si alishachanjwa?*
Mama wa kijana

Marahaba, mama. Usihesabu mihuri, soma majina ya chanjo. Homa ya uti wa mgongo ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na vidudu vinavyouleta si kimoja. Ukiona pentavalenti, ile sindano ya chanjo tano kwa pamoja, ndani yake mna kinga ya Hib, kimojawapo cha vidudu hivyo. Ukiona PCV, hiyo ni ya nyumokoki, kidudu ambacho pia huleta nimonia. Zote zilimfaa sana alipokuwa mdogo. Kinachohofiwa bwenini ni cha tatu, meningokoki, na katika nchi nyingi chanjo yake haimo kwenye ratiba ya watoto wachanga.

Meningokoki hukaa nyuma ya pua na koo. Takriban mtu 1 kati ya 10 huwa naye bila kuugua, na vijana humbeba kuliko watoto wadogo. Akipenya kwenye damu, mtoto aliyeamka mzima anaweza kuwa mahututi kabla ya usiku.

Makundi yake yanayougua watu zaidi ni A, B, C, W, X na Y. Chanjo ya ACWY hushika manne kwa sindano moja. Ipo pia mpya inayoongeza X, ambayo Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuitumia, mwaka 2024. Kingamwili za ACWY hupungua baada ya miaka michache, kwa hiyo Marekani, kwa mfano, imekuwa ikitoa dozi ya kwanza katika miaka 11 au 12 na ya nyongeza katika miaka 16. Kijana mwenye afya anayeanza akiwa na miaka 16 au zaidi, moja humtosha.

Kundi B lina chanjo yake peke yake, na sababu yake inafaa kujulikana. Ganda la sukari la kidudu hiki linafanana na sukari iliyomo kwenye seli za neva za binadamu, hivyo mwili haulioni kuwa adui. Ikabidi chanjo itengenezwe kwa protini zilizo juu ya kidudu badala ya ganda. Hutolewa dozi 2 au 3, na chapa zake hazichanganywi: aliyeanza na moja amalizie hiyohiyo. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, maana kadi imeandikwa “Men B” tu. Mwombe muuguzi aandike jina la chapa na tarehe.

Mtoto mwenye selimundu, au aliyeondolewa wengu, ratiba yake ni tofauti: huanza mapema na hurudia nyongeza. Usingoje barua ya shule.

*Binti yangu alikosa dozi ya pili kwa mwaka mzima. Tuanze upya?*

Hapana. Dozi iliyopita haipotei, mnaendelea pale mlipoachia. Mpelekeni wiki hii.

*Mtoto akiwa na mafua achanjwe? Na baada ya sindano nitarajie nini?*
Baba wa watatu

Mafua na kikohozi kidogo si kizuizi. Homa kali ndiyo ya kusubiri ipoe. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita au kwa kiungo chochote cha chanjo hiyo asipewe tena.

Mkono utauma siku moja au mbili, labda na kichwa na uchovu. Vijana wana jambo lao: huzimia muda mfupi baada ya sindano. Achomwe akiwa ameketi au amelala, kisha akae dakika 15 pale kituoni. Dakika hizohizo ndizo za kuangalia mzio mkali, yaani kuvimba uso, kukoroma kwa pumzi na vipele vya ghafla. Muuguzi ana adrenalini, dawa ya kutuliza mzio huo.

Kwa wachanga, chanjo ya B huleta homa mara kwa mara ikitolewa pamoja na nyingine. Muulize muuguzi kabla hamjaondoka kipimo cha parasetamoli kwa uzito wa mtoto. Aspirini usimpe kabisa.

*Mwenzake wa kitanda cha pili bwenini amelazwa kwa meningokoki. Tukimbilie chanjo?*

Kimbilieni antibiotiki kwanza, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Chanjo huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, na ugonjwa unaweza kujitokeza siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa. Wanaopewa antibiotiki ni walioishi au kulala naye chumba kimoja na waliogusana na mate yake, hata kama walichanjwa. Kukaa naye darasa moja tu kwa kawaida hakutoshi. Akipewa rifampisini, mojawapo ya antibiotiki hizo, mkojo utageuka rangi ya chungwa. Asishtuke wala asiache dawa.

*Aliyechanjwa akipata homa na kichwa kikali, nitulie?*
Shangazi mlezi

Usitulie, shangazi. Hakuna chanjo inayofunika vidudu vyote. Homa pamoja na shingo kukakamaa, kutapika, kuogopa mwanga, kuchanganyikiwa au degedege ni safari ya hospitali papo hapo. Mchanga huenda asiwe na shingo ngumu: utosi huvimba, hukataa kunyonya, hulia zaidi akibebwa au hulegea tu.

Madoa mekundu au ya zambarau yabonyeze kwa ubavu wa glasi safi. Yasipofifia, ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa. Lakini usisubiri madoa: wengine hawayapati kabisa, na wengine huyapata wakati damu imeshachafuka. Unapofika, taja tangu mlangoni kwamba unahofia homa ya uti wa mgongo, na uwe na kadi mkononi.