Mkristo Ugenini: Majibu kwa Wasafiri Wanne

Juma hili nimechagua barua za Wakristo wa Dar es Salaam ambao kazi, biashara au maradhi yamewapeleka, au yatawapeleka hivi karibuni, kwenye nchi ambako wenyeji wengi wana dini nyingine.

Namuuguza mume wangu huko Chennai, India. Mwenye nyumba wetu hutualika hekaluni na kutuletea vitamu ambavyo mwenyewe anasema vimetolewa kwa mungu wao. Je, tule? (Mama wa Mbagala)

Pole kwa kuuguza, mama. Kuingia na kutazama ni jambo moja, kushiriki ibada ni jambo jingine. Mtume Paulo alizunguka Athene akitazama kwa makini mahali pa ibada pa watu wale, akasoma hata madhabahu iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana", na hotuba yake ya Matendo 17 ikaanzia hapo, bila matusi. Basi ukialikwa kwenye hekalu la Kapaleeshwarar pale Mylapore, vua viatu na ubaki uani, kwa kuwa chumba cha ndani ni cha Wahindu wenyewe.

Kuhusu vitamu, 1 Wakorintho 10 inaruhusu kula kinachoandaliwa na mwenyeji bila kuuliza-uliza. Lakini mtu akikuambia wazi kwamba kimetolewa sadaka, Paulo anasema usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Wewe umeambiwa. Mshukuru, mweleze kwa upole kwamba imani yako haikuruhusu, kisha kubali kwa furaha chai na wali wa jikoni kwake, maana mwanamke huyu anawatendea wema na hastahili kuonyeshwa uso wa karaha. Na kwa kuwa uko Chennai, usikose kufika kanisa la San Thome, lisilo mbali na hekalu hilo, ambako mapokeo yanasema alizikwa Mtume Tomaso.

Muuzaji wangu wa Guangzhou huwasha udi mbele ya kisanamu kabla ya kufungua hesabu, na safari iliyopita alinipa na mimi vijiti niwashe. (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Usivipokee, kaka. Najua wapo wanaomtaja Naamani wa 2 Wafalme 5, jemadari wa mfalme wa Shamu, aliyeomba asamehewe kwa kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami. Lakini Naamani alikuwa mtumishi ambaye bwana wake aliuegemea mkono wake, ilhali wewe ni mteja, na hakuna anayekulazimisha. Simama kando kwa utulivu, simu ikiwa mfukoni, mpaka amalize. Siamini kwamba mtu anayeiheshimu ibada yake ataidharau ya kwako. Jumapili nenda kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe matupu kati ya 1863 na 1888, ambako misa ya Kiingereza hukusanya Waafrika wengi. Usigawe vipeperushi vya dini mitaani, kwa sababu sheria ya China haimruhusu mgeni kuhubiri hivyo.

Je, kufunika kichwa ili niingie Msikiti wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, ni kuikana imani? (Msomaji, Tabata)

Hapana. Mama zetu hufunga vilemba kanisani, na Paulo mwenyewe anazungumzia kufunika kichwa katika 1 Wakorintho 11. Vaa nguo ndefu isiyobana, ujifunike, utazame.

Shikamoo. Nakwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Nitasalije, na nifanyeje nikiombwa nibadili dini? (Binti wa Kinondoni)

Marahaba, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu wengine wanazuru tu, lakini wewe utaishi ndani ya nyumba ya watu. Oman inaruhusu Wakristo kuabudu katika viwanja vilivyotengwa, kikiwamo cha Ruwi, Muscat. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, kwani huko ni kosa kisheria. Sisi tuliokulia mitaa ya Dar es Salaam, tukaalikwa kufuturu na kula pilau ya Idi kwa majirani, hatuoni ugumu katika heshima hiyo.

Ukiulizwa kuhusu imani yako, 1 Petro 3:15 inakutaka ujibu "kwa upole na kwa hofu". Jibu ulichoulizwa, usianzishe mabishano, na usijaribu kumgeuza mtoto unayemlea, kwani hilo ni kuvunja sheria na pia ni kuvunja uaminifu wa wazazi wake. Ukishawishiwa kubadili dini, sema mara moja, kwa adabu, kwamba umeridhika na dini yako. Kabla hujaondoka, muulize wakala mbele ya mzazi wako siku yako ya mapumziko ni ipi, na uhakikishe imeandikwa kwenye mkataba. Mapumziko ya juma huko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo makanisa hufanya ibada zenye watu wengi siku ya Ijumaa.