Simu za ofisini zinakatika-katika: tuongeze intaneti?

SWALI: Mimi ni fundi wa mtandao chuoni. Simu zote za ofisi tumezihamishia kwenye mtandao uleule wa kompyuta, na tumezitengea VLAN yake (mtandao pepe uliotengwa ndani ya mtandao huohuo). Asubuhi zinasikika vizuri, ila vipindi vikiisha na wanafunzi wakaanza kupakua video, maneno yanamezwa. Uongozi unataka kununua intaneti kubwa zaidi. Itasaidia?

JIBU: Ndugu fundi, waombe wasitoe fedha kwanza. Piga simu kutoka jengo moja kwenda jingine saa hizo za msongamano. Kama nayo inakatika, intaneti haihusiki, maana kwa kawaida simu ya ndani haitoki nje ya kampasi.

Simu moja ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Hata watu 100 wakiongea kwa pamoja hawafiki megabiti 10. Nafasi ipo, tatizo ni foleni. Simu hutuma pakiti (kifurushi cha data) ndogo ya baiti 200 kila baada ya milisekunde 20. Tuseme laini inayounganisha majengo ni ya megabiti 100, na swichi (kifaa kinachounganisha vifaa vya mtandao) imelimbikiza pakiti 1,000 za video, kila moja baiti 1,500. Pakiti ya sauti ikifika nyuma yao itangoja milisekunde 120. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka safari nzima ya upande mmoja isizidi milisekunde 150, na wewe umeshazila karibu zote kwenye swichi moja! Tena foleni hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo pakiti moja huwahi na nyingine huchelewa. Iliyochelewa mno simu huitupa, na hapo ndipo neno linapomezwa. Video ikipoteza pakiti hutumiwa nyingine, mtazamaji asijue. Mazungumzo hayana nafasi hiyo.

VLAN mmefanya vyema kuitenga, lakini peke yake haitoshi, na hili wengi hawalioni. Majengo yakiunganishwa kwa waya mmoja, VLAN zote hukutana kwenye foleni ya waya huo. Kinachotakiwa ni kipaumbele. Simu nyingi za mezani huziwekea pakiti za sauti alama ya DSCP 46 (namba inayoonyesha kuwa pakiti ipewe kipaumbele), ila alama haina maana mpaka kila swichi na ruta njiani iagizwe kuiheshimu. Swichi moja iliyosahaulika inatosha kuharibu kazi yote. Ipate hivi: simu ikiwa hewani, ingia kwenye swichi moja baada ya nyingine uangalie kaunta (hesabu ya pakiti zilizopita) za foleni ya kipaumbele. Pale zisipopanda ndipo alama inapofutwa au kupuuzwa.

Usiziamini alama zinazotoka kwenye kompyuta za wanafunzi. Zifute pale zinapoingilia, la sivyo programu yoyote itajipa cheo cha sauti. Na foleni ya kipaumbele iwekee kikomo, kama theluthi moja ya laini, ili data nayo ipite.

Hukuuliza kuhusu umeme, lakini nakusihi uulizie. Simu zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao huzimika swichi ikizimika. Swichi za ofisi ya ulinzi na zahanati ziwekee UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kabla ya nyingine zote.